Je, Muuguzi Anayeijazia Kompyuta Namba ya Kubuni Amesema Uongo?

Katika semina yetu ya maadili muhula uliopita, mwenzetu mmoja alitoa hoja iliyotuchekesha kwanza, kisha ikatunyamazisha. Alisema kwamba kompyuta haiwezi kudanganywa. Kudanganywa ni kuaminishwa jambo lisilo la kweli, na kompyuta haiamini chochote. Ukiiandikia kwamba leo ni Jumapili ilhali ni Jumatano, hujamdanganya mtu. Umebonyeza vitufe tu. Kwa hiyo muuguzi anayejaza namba ya kubuni ili programu imruhusu kuendelea na kazi hana hatia kuliko mtu anayesukuma kwa bega mlango uliokwama.

Naipinga hoja hiyo, ila nataka kuipinga kwa uangalifu. Wanaoipinga haraka humrukia muuguzi, na mimi nimekaa karibu na muuguzi wa namna hiyo likizo mbili mfululizo. Ni mama yangu mdogo. Ni mkunga katika kituo cha afya cha daraja la nne magharibi mwa Uganda. Kwa msomaji asiye Mganda, daraja la nne ni kituo chenye wodi, daktari na chumba cha upasuaji, ingawa bado hakijafikia kuitwa hospitali. Kituo hicho kilikuwa kimeletewa programu ya kumbukumbu za wagonjwa, nami nilijitolea ukarani: kuhamisha yaliyomo katika rejesta za karatasi kuyaingiza katika kompyuta.

Kliniki ya wajawazito ilikuwa Jumanne na Alhamisi. Kufikia saa mbili asubuhi kina mama hamsini au zaidi walikuwa wameshakaa kwenye mabenchi, na waliowahudumia walikuwa wawili. Mashine ya presha ilikuwa moja. Mkanda wake, ule unaofungwa juu ya kiwiko, ulichanika mwanzoni mwa mwaka, na hewa ikawa inavuja. Ukiubana kwa mkono unapata namba, lakini namba hiyo huwezi kuiapia. Baadaye hata kubana kukashindikana. Katika programu kila mama alikuwa na ukurasa wake wenye visanduku vingi, na baadhi ya visanduku vilikuwa na nyota nyekundu. Chenye nyota kisipojazwa, ukurasa unaofuata haufunguki. Kisanduku cha presha kilikuwa na nyota.

Siku moja nikikagua kurasa hizo niliona 120/80 zikishuka safu nzima, mama baada ya mama, wiki baada ya wiki. Hizo ni namba za kitabuni, presha ya mtu mzima mwenye afya. Nilimwuliza mama mdogo. Hakukasirika wala hakuona aibu. Aliniambia, "Mwanangu, nionyeshe mahali pa kuandika kwamba mashine imekufa, niandike."

Nilitafuta. Hapakuwa na mahali.

Rejesta za karatasi nilizokuwa nikizihamisha zilikuwa na mahali tele. Katika safu ileile ya presha, miaka ya nyuma, nilikuta mistari mifupi ya kuonyesha kwamba haikupimwa, alama za kuuliza, neno "arudie kesho", neno "amekataa", na pahala pengine maelezo yaliyoanzia kwenye safu yakapanda pembezoni mwa karatasi hadi juu. Yalikuwa machafuko, nakubali. Mtu wa takwimu akiyaona huumwa kichwa. Lakini nafasi tupu katika karatasi husema jambo: husema hapa hatujui. Maneno yale ya pembezoni hayakuwa na kisanduku, basi sikuweza kuyahamisha. Yalibaki kwenye karatasi, rejesta zikafungwa kamba na kupelekwa stoo.

Hapa niseme jambo dogo kuhusu lugha yetu. Kiswahili huita maandishi ya ofisini kumbukumbu, neno lilelile la kile mtu anachokibeba moyoni baada ya tukio kupita. Zamani nilidhani ni upungufu wa msamiati. Sasa nadhani lugha ilikuwa imeona mbali. Kukumbuka ni pamoja na kujua usichokikumbuka. Mzee akisimulia habari za ujana wake husema, "hapo sikumbuki vizuri", na tunamwamini zaidi kwa sababu hiyo. Mzee asiyesahau hata jina moja tungemshuku. Programu ile ilikuwa ni mzee wa namna hiyo.

Sasa turudi kwa mwenzetu wa semina. Kosa la hoja yake ni kuifanya kompyuta kuwa ndiyo msikilizaji. Kompyuta ni tarishi. Nikimpa tarishi barua yenye habari za uongo, simdanganyi tarishi, maana yeye hata hajaifungua, namdanganya atakayeisoma. Tofauti ni kwamba mwandishi wa barua anamjua anayemwandikia. Muuguzi mbele ya skrini hamjui. Mama mdogo alidhani kwamba anajibu maswali ya ofisi ya wilaya, watu wa mbali wanaotaka kuona visanduku vimejaa. Kwa watu hao 120/80 ilikuwa kama sahihi ya mahudhurio: nimefika, nimemwona mama huyu, nimemaliza. Hakuwa anafikiria kwamba msomaji wa namba ile angeweza kuwa mkunga mwenzake, hatua arobaini kutoka pale alipoketi.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Usiku mmoja wa Julai niliitwa wodini kwa kuwa kompyuta ilikuwa imekwama. Nilikuwa nikilala katika nyumba za wafanyakazi, karibu. Alikuwapo mama wa mimba ya wiki 31, kichwa kinamuuma, macho yanaona ukungu. Wodi ilikuwa na mashine yake nzima, nayo ilisoma 170 kwa 110. Kompyuta ilipoamka, daktari alisoma mahudhurio matatu ya kliniki: wiki ya 14, wiki ya 20, wiki ya 26. Yote 120/80. Akasema, "Basi imeanza juzijuzi." Mkunga wa zamu, ambaye alijua mambo ya kliniki, alichukua mfuko wa plastiki wa yule mama, akatoa kadi yake ya karatasi. Kwenye kadi, mahali pa presha, palikuwa na mistari mitatu mifupi, na pembeni, kwa mwandiko wa mama mdogo: mashine mbovu. Daktari aliangalia kadi, akaangalia skrini. "Kwa hiyo hatujui lolote," alisema.

Nieleze kwa nini jambo hilo lilikuwa zito. Presha inayoonekana kabla ya wiki ya 20 ya mimba mara nyingi ni ya mtu aliyekuwa nayo tangu awali. Inayozuka baada ya hapo, pamoja na dalili zile, huwa ni ugonjwa unaoelekea kwenye kifafa cha mimba, ambao tiba yake ya mwisho ni kumtoa mtoto. Matibabu ya usiku ule hayakungoja jibu: alipewa sindano za magnesiamu na dawa ya kushusha presha, gari likaitwa kumpeleka hospitali ya mkoa ambako mtoto wa wiki 31 angeweza kutunzwa. Lakini ni lini mtoto atolewe, hilo hutegemea kwa sehemu historia ya mama, na historia iliyokuwa kwenye skrini ilikuwa imebuniwa. Barua ya rufaa iliandikwa kwa kufuata kadi. Mama na mtoto walikuwa hai nilipopata habari zao mara ya mwisho. Siitumii bahati yao kuwa ushahidi wa lolote. Nasema tu kwamba ukweli ulikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, na kwamba mpango wa mradi ulikuwa kuziondoa kadi zile mwishoni mwa mwaka.

Immanuel Kant aliandika insha mwaka 1797 akitetea msimamo ambao kila mwanafunzi wa maadili huusoma kwa mshangao: kwamba hata muuaji akibisha hodi na kuuliza kama rafiki yako yumo ndani, huna haki ya kumwambia uongo. Mhadhiri wetu anaukubali msimamo huo zaidi kuliko ninavyoukubali mimi, na aliuleta katika mjadala wetu: kama hata muuaji anadaiwa ukweli, sembuse mkunga mwenzako? Ni hoja kali. Ila kuna jambo katika swali la Kant ambalo hupitwa. Yeye anazungumzia hali ambayo mtu hawezi kukwepa kujibu ndiyo au hapana. Mlango wa Kant ni mgumu, lakini kati ya majibu yake mawili mojawapo ni la kweli. Mwenye nyumba anaweza kulichagua, akaumia. Kisanduku chenye nyota nyekundu ni mlango wa aina nyingine. Kinakubali namba tu, na ukweli wa siku ile haukuwa namba. Mama mdogo hakuukwepa ukweli kwa kuwa unauma. Aliulizwa swali ambalo jibu lake la kweli lilikuwa limeondolewa miongoni mwa majibu.

Nitaambiwa: angeweza kuacha ukurasa wazi, asiendelee. Angeweza. Kisha ukurasa wa chanjo usingefunguka, wala wa kipimo cha damu, wala wa dawa za malaria, na kina mama arobaini na tisa waliobaki wangeondoka jioni bila kuandikwa. Kuna wakati uaminifu kwa kisanduku kimoja hugeuka kuwa dhuluma kwa visanduku vingine vyote. Tena aliandika ukweli kwenye kadi, mahali alipoamini kwamba atakayemhudumia mama yule ataangalia. Mtu aliyekusudia kuhadaa hafanyi hivyo.

Nimelitumia neno kuhadaa kwa makusudi. Tunalo neno uongo na tunalo neno hadaa, na hayalingani kabisa. Uongo ni usemi usio wa kweli. Hadaa ni kumwingiza mtu mahali asipopajua. Mtu aweza kusema uongo usiomhadaa yeyote, kama msimulizi wa hadithi za sungura. Na yaweza kuwapo hadaa ambayo hakuna hata mmoja aliyeikusudia. Naamini 120/80 ya kituo kile ilikuwa hadaa ya aina hiyo ya pili, na kwamba wenye kuijibia ni wengi.

Niliuliza nyota ile iliwekwa na nani, na kwa nini. Sababu haikuwa mbaya. Katika rejesta za karatasi nafasi tupu zilikuwa nyingi mno, na nyingine zilitokana na uvivu, si upungufu wa vifaa. Wenye mradi walitaka taarifa kamili. Walipimwa kwa asilimia ya visanduku vilivyojazwa. Nyota ilikuwa dawa ya uvivu. Lakini nyota haiwezi kumtofautisha asiyetaka kupima na asiye na cha kupimia. Inawabana wote wawili kwa mkono uleule, na wote wawili wakibanwa wanatoa namba. Haikuongeza kipimo hata kimoja. Iliongeza namba.

Msomaji asidhani kwamba haya ni matatizo ya nchi zisizo na umeme wa uhakika. Hospitali ya watoto ya Pittsburgh, Marekani, ilianzisha mwaka 2002 mfumo wa madaktari kuagiza dawa kwa kompyuta. Mwaka 2005 madaktari wa hospitali hiyohiyo walichapisha, katika jarida la Pediatrics, hesabu ya watoto waliohamishiwa kwao kutoka hospitali nyingine. Kabla ya mfumo walikufa asilimia 2.80, katika miezi mitano baada ya mfumo walikufa asilimia 6.57. Walipoeleza yaliyobadilika, sehemu kubwa ilihusu mpangilio wa kazi. Zamani, mtoto akiwa bado njiani kwenye gari, timu iliandaa maagizo na dawa zikamngoja. Sasa maagizo hayakukubaliwa mpaka mtoto awe amefika na kusajiliwa kikamilifu. Dawa za dharura ziliondolewa wodini zikapelekwa kwenye famasi kuu. Agizo lililochukua sekunde chache kwa kalamu lilichukua dakika moja au mbili za kubonyeza. Na muuguzi aliyekuwa kando ya kitanda akawa kando ya skrini.

Mwaka uliofuata hospitali ya watoto ya Seattle ilitoa matokeo yake baada ya kuanzisha mfumo kutoka kampuni ileile. Vifo havikuongezeka. Walikuwa wamejifunza kwa wenzao na kuandaa mapema seti za maagizo kwa watoto mahututi. Kwa hiyo anayesema kompyuta inaua na anayesema kompyuta inaokoa wanafanya kosa moja: wanaitazama mashine na kuisahau kazi ambayo mashine imeingizwa ndani yake. Kazi ya tiba imejaa mambo yasiyoandikwa: nani anamwita nani, dawa inawekwa wapi, mkunga gani anajua kwamba mkanda wa kliniki umechanika. Anayeichora kazi hiyo kwenye programu bila kukaa ndani yake huchora ile sehemu inayoonekana, kisha huifanya kuwa sheria.

Hata mafanikio yana maswali yake. Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, ilikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza katika eneo letu kutumia kumbukumbu za kompyuta, mwaka 2001, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba ziara ya mgonjwa ilifupika kwa asilimia 22. Jambo jema. Ila ulionyesha pia kwamba muda wa mgonjwa pamoja na mhudumu wake ulipungua kwa asilimia 58, na muda wa wafanyakazi kuzungumza wao kwa wao ulipungua kwa theluthi mbili. Nimezitazama namba hizo mara nyingi. Labda mazungumzo yaliyopotea yalikuwa ya kutafutana mafaili tu. Labda miongoni mwao yalikuwamo yale ya "dada, mashine yenu imepona?" Saa ya mtafiti haijui tofauti.

Serikali yetu nayo iliwahi kuhisi kwamba mambo yanakwenda kombo. Januari 2012 Wizara ya Afya ya Uganda ilisimamisha miradi mipya ya afya ya kielektroniki mpaka ipate kibali, kwa kuwa majaribio yalikuwa mengi, kila mfadhili na lake, na mifumo haikuzungumza. Ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini swali lililoulizwa lilikuwa kama mifumo inazungumza yenyewe kwa yenyewe. Kama mkunga anaweza kuuambia mfumo kwamba hajui, hilo ni swali jingine, na sijaona fomu ya kibali yenye kisanduku chake.

Baada ya usiku ule wa Julai wakunga walikaa, wakakubaliana jambo. Kwa kuwa programu ilipokea namba yoyote mradi nafasi isibaki tupu, waliamua kwamba mama asiyepimwa ataandikiwa 1/1. Binadamu mwenye presha ya moja kwa moja hayupo. Kila asomaye atajua kwamba hapa hapakupimwa. Hiyo ilikuwa namba isiyo ya kweli, na haikumhadaa mtu. Nilifurahi kuona kwamba watu ambao hawakuwahi kumsoma Kant walikuwa wamepata njia ya kupita katika mlango wake.

Wiki mbili baadaye simu ilipigwa kutoka wilayani. Katika ukaguzi wa ubora wa taarifa, kituo kilikuwa kimeshuka kutoka nafasi za juu hadi karibu na mkia. Sababu: namba zisizowezekana. Miezi yote ya 120/80 hakuna aliyepiga simu. Taarifa zile zilikuwa zimesifiwa kwa ukamilifu wake. Msimamizi aliagiza 1/1 ikome. Mama mdogo alimweleza habari za mkanda. Alijibiwa, kwa upole, kwamba vifaa ni idara nyingine.

Hapo ndipo namjibu mwenzangu wa semina. Ndiyo, katika kituo kile alikuwapo aliyedanganywa, naye ni mama wa wiki 31 na daktari wake. Na ukiniuliza mdanganyifu ni nani, nitamhesabu kwanza yule aliyepokea habari kwamba mashine imekufa na bado akataka namba inayowezekana. Mpaka dakika ile ya simu, kila mmoja alikuwa na udhuru wa kutojua: mchoraji wa programu hakujua habari za mkanda, mama mdogo hakujua msomaji wake ni nani. Baada ya simu ile, mtu mmoja alijua yote mawili. Mhadhiri wangu anasema bado namwonea huruma mama mdogo kupita kiasi, na kwamba mtu anayeamriwa kuandika uongo hubaki na kalamu yake mkononi. Sijapata jibu la kumridhisha.

Mama mdogo hakurudi kwenye 120/80. Alianza kuwapeleka kina mama wote wodini kupimwa na mashine ya huko, kumi kumi, jambo lililofanya kliniki imalizike saa kumi na mbili jioni badala ya saa tisa. Waliotoka mbali walilalamika, na baadhi hawakurudi mwezi uliofuata. Mkanda mpya ulifika katikati ya Agosti. Wakunga walichangishana, wakaununua Mbarara.